Kaburi la Xagħra: Michoro iliyookoa kilichofukiwa

Magorofa yanayoota Xagħra, katika kisiwa cha Gozo nchini Malta, yamezua malalamiko kutoka kwa watu wanaoona ujenzi unalikaribia mno hekalu la kale la Ġgantija. Katika mvutano huo hekalu ndilo linalotajwa. Mita mia chache kutoka hapo lipo kaburi la kale linalotajwa kwa nadra, ingawa lilikwisha kupotea mara moja mbele ya macho ya watu.

Ni mapango ya asili chini ya ardhi, yaliyozungushiwa duara la mawe makubwa lenye kipenyo cha karibu mita 45. Maziko yalianza takriban mwaka 4000 KK na yakashika kasi kati ya 2900 na 2350 KK. Mwishoni mwa karne ya 18 msanii Mfaransa Jean Houel aliyachora mawe hayo yakiwa bado yamesimama.

Balaa lilikuja miaka ya 1820. Otto Bayer, aliyeisimamia Gozo chini ya utawala wa Waingereza, alifukua Ġgantija kisha akahamia kwenye duara. Vibarua walichimba shimo kubwa katikati, lakini Bayer hakuacha maelezo ya maana ya alichokikuta. Bahati njema, mwaka 1829 Charles Brochtorff alifika na rangi zake za maji. Akachora duara, shimo na mawe yaliyokuwa ndani yake. Baada ya hapo shimo likafukiwa, mawe mengi yakavunjwa na kuondolewa, pakabaki shamba. Vizazi vikapita juu ya wafu bila habari.

Michoro ya Brochtorff ilihifadhiwa katika Maktaba ya Taifa mjini Valletta. Aliyeitendea haki ni Joseph Attard Tabone, mwenyeji wa Gozo aliyekuwa na mapenzi makubwa na mambo ya kale ya kisiwa chake. Mwaka 1964 aliilinganisha na mashamba ya Xagħra, akatambua kwamba baadhi ya mawe ya duara yalikuwa bado yapo, yamemezwa na kuta za mipaka ya mashamba. Watu walipita kando ya kuta hizo kila siku. Yeye alizitazama akiwa na mchoro kichwani, na kaburi likapatikana.

Hata hivyo, ilipita miaka 23 kabla ya jembe kurudi. Kuanzia 1987 hadi 1994, wanaakiolojia wa Malta na Uingereza, wakiwemo Anthony Bonanno, David Trump, Caroline Malone na Simon Stoddart, waliondoa udongo kwa uangalifu ambao Bayer hakuwa nao. Walipata vipande vya mifupa ya binadamu wapatavyo 220,000, mabaki ya mamia ya watu. Maiti alilazwa, na mwili ulipokwisha kuoza mifupa yake ilisogezwa na kupangwa upya ili mwingine apate nafasi. Ngeu nyekundu ilitumika katika maziko hayo.

Kilichonigusa zaidi ni sanamu ndogo ya jiwe: watu wawili wanene wameketi bega kwa bega juu ya kitanda, mmoja ameshika kikombe, mwingine amempakata mtu mdogo. Kichwa cha mmoja kimepotea. Kitanda chenyewe kimechongwa kwa ustadi, na rangi ya ngeu bado inaonekana. Aliyekichonga alikijua kitanda cha nyumbani kwake.

Tangu hapo kazi imehamia maabara. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionesha jamii ndogo, ambamo ndugu wa karibu walizaa pamoja angalau mara moja.

Leo Ġgantija, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1980, inapokea wageni kila siku. Kaburi limezungushiwa uzio na kwa kawaida halifunguliwi kwa umma. Kulilinda ni sawa, lakini kulisahau si sawa. Bayer alikuwa na mamlaka na vibarua, na bado mahali hapa palipotea mikononi mwake. Palirejeshwa na mchoraji mmoja na mwenyeji mmoja. Wenye dhamana ya vibali vya ujenzi Gozo wakumbuke hilo kabla ya kutia saini: shimo lililofukiwa laweza kufukuliwa tena, lakini jiwe lililovunjwa halirudi.