Sanamu ya busu la San Diego: ukienda na kamera

Nilipomtembelea dadangu San Diego, wapwa zangu walinipeleka ufukoni, jirani na meli ya kivita USS Midway, kuna sanamu ya baharia akimbusu mwanamke mwenye nguo nyeupe. Urefu wake ni kama mita 7.6. Iliyotangulia ilikuwapo 2007 hadi 2012. Hii ya shaba nyeusi ikawekwa 2013. Ni kazi ya Seward Johnson.

Ukisimama chini yake utapata viatu na magoti tu. Rudi nyuma upande wa kusini, na meli itaingia kwenye picha. Alasiri jua hutoka upande wa bahari. Watu hawaishi pale, wengi ni wake na waume wanaoiga mkao ule, kwa hivyo subira inahitajika.

Kupiga picha ya ukumbusho hakuna shida. Kuiuza ni jambo jingine: sheria ya hakimiliki ya Marekani inaruhusu picha za majengo, lakini ruhusa hiyo haifiki kwenye sanamu.

Asili yake ni tarehe 14 Agosti 1945, New York, siku ilipotangazwa kwamba Japani imesalimu amri. Alfred Eisenstaedt wa jarida la Life alipiga picha Times Square, na Victor Jorgensen wa jeshi la wanamaji akapiga tukio lilo hilo kwa pembe nyingine.

Niliituma picha yangu kwa mamangu Mombasa. Hakuuliza habari za vita. Aliuliza: "Na huyo mwanamke, aliulizwa?"

Hakuulizwa. Greta Zimmer Friedman, anayetambuliwa na wengi kuwa ndiye, alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Alieleza mwaka 2005 kwamba halikuwa chaguo lake. Mwanamume alikuja tu akamshika. Hakuwa akimjua. Alifariki 2016. Mwaka 2019 sanamu kama hii, iliyoko Sarasota, Florida, ilipakwa rangi mguuni maneno ya MeToo.

Mimi nimewahi kupiga picha harusini kwetu, na najua ugomvi unaozuka mwanamke akijiona kwenye simu ya mtu bila ya idhini yake. Wapwa zangu walitaka niiweke picha kwenye kundi la ukoo. Nimeiweka, na chini yake nikaandika jina la Greta na kazi aliyokuwa akifanya.