Sana Hukaa Nyuma: Sifa na Uzito Wake Kutoka Likasi hadi Kiingereza

Mwanafunzi wa sekondari mjini Likasi, katika Katanga ya Kongo, akitaka kuusifu bukari (ugali) wa mama yake kwa Kiingereza, huenda akaandika "the food is too good". Mwalimu atachukua kalamu nyekundu na kumwambia kwamba "too" ni neno la kulalamika, si la kusifu: chai ikiwa "too hot", hainyweki. Mwanafunzi ataduwaa, kwa kuwa Kifaransa anachokisikia kila siku hulitumia "trop" kwa furaha bila haya, na Kiswahili nacho kina "mno", neno linalobeba sifa na lawama kwa pamoja. "Mzuri mno" ni pongezi. "Ghali mno" ni manung'uniko. Msikilizaji ndiye anayepima, na ni nadra akosee.

Sarufi za shule hulimaliza jambo hili kwa mstari mmoja: kielezi kinaweza kukipa nguvu kivumishi. Mstari huo ni wa kweli, ila hausemi nguvu hiyo inatoka wapi, wala inasimama upande gani wa sifa. Hapo ndipo Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili cha pwani na Kiswahili cha Katanga vinapoachana.

Tuanze na asili, kwa sababu hapo lugha hizi zinafanana kuliko tunavyodhani. "Very" ya Kiingereza ilitoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa "kweli". Ukirudi nyuma zaidi unafika kwenye "verus" ya Kilatini, shina lile lile lililozaa "vraiment" ambayo watu wa Likasi huichanganya katika Kiswahili chao kila uchao. Na sisi je? "Mzuri kweli", "mzuri kwelikweli". Watu ambao hawakuwahi kushauriana walikwenda kuomba nguvu mlango mmoja, mlango wa ukweli. Anayesema "mzuri sana" hupima. Anayesema "mzuri kweli" hula kiapo kidogo. Waingereza wamekwisha kukisahau kiapo hicho. "Very" imesuguliwa na matumizi hadi haidai ukweli wowote, na ndiyo maana sasa wanalazimika kusema "really" wakitaka kuaminiwa.

Mlango wa pili ni hofu. "Awfully nice" na "terribly kind" ni maneno ya kutisha yaliyofugwa mpaka yakawa ya mezani. Vijana wa Dar es Salaam hufanya vivyo hivyo wanaposema msichana ni "mzuri hatari" au "mzuri balaa", na mtu wa Nairobi akisema "nimechoka mbaya" hakuna anayemuuliza ubaya umetoka wapi. Tofauti ni kwamba Kiingereza kwa kawaida hukivisha kielezi mkia wake rasmi, ile "-ly", kabla ya kukiruhusu kukisogelea kivumishi. Kiswahili hakidai sare. "Hatari" ni nomino na inabaki nomino. Kilichobadilika ni mahali ilipokaa tu.

Na mahali ndilo jambo kubwa. Kiingereza huutanguliza uzito: "very", halafu "good". Msikilizaji hujua kwamba jambo kubwa linakuja kabla ya kujua ni jambo gani. Kifaransa nacho ni hivyo, "très bon". Kiswahili hutaja sifa kwanza, kisha huongeza mizani. Faida yake ni kwamba msemaji akishasema "mzuri" ana nafasi ya kumtazama mwenzake usoni na kuamua aongeze kiasi gani: mzuri sana, mzuri sana tena sana, au avute irabu ya mwisho mpaka pumzi imwishie. Mwingereza hukadiria kabla ya kufungua mdomo. Mswahili hukadiria akiwa njiani. Hata "vraiment" ikiingia katika Kiswahili cha Likasi, utaisikia mara nyingi ikifuata nyuma, "iko muzuri vraiment", ingawa kwa Kifaransa desturi ni kuitanguliza: "vraiment bon". Neno ni la Paris, foleni ni ya Kibantu.

Kiswahili chenyewe hakina sura moja. Pwani ina hazina ambayo Kiingereza hakiwezi kuijibu kwa "very" tupu: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu pyu, giza totoro, kimya jii. Vipande hivi vya sauti, tanakali kama wanavyoziita wanasarufi, vina mwenyewe kila kimoja. Huwezi kusema "nyeupe ti" hata kwa mzaha. Vitenzi navyo vina vyao: kulala fofofo, kuchoka hoi, kulewa chakari, kujaa pomoni. Walimu wetu wengi husema Kiingereza hakina kitu cha namna hii, na hapo wanakionea. "Fast asleep" ni nini kama si kulala fofofo? "Dead tired", "bone dry", "pitch black", "brand new", "wide awake": haya nayo yamefunga ndoa, na hakuna Mwingereza atakayesema "bone asleep". Tofauti ni kwamba Kiingereza huazima neno lenye maana, mfupa au lami, na Kiswahili mara nyingi hutumia sauti tu. Kwa maoni yangu sauti ni kali zaidi. Mfupa unakufanya ufikiri. "Pe" inakupiga jichoni.

Likasi ilikwenda njia nyingine, na sababu zipo katika historia. Mji uliitwa Jadotville hadi 1966. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya jirani, ikawapanga katika kambi za shaba na kobalti. Waliokutana Panda na Shituru, mjini humo, walikuwa na Kiluba, Kibemba, Kisanga, kila lugha na tanakali zake. Kiswahili kilikuwa tayari kimefika Katanga na wafanyabiashara katika enzi ya mfalme Msiri wa Bunkeya, lakini kambini kilipata kazi mpya. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu Kiswahili na utawala wa kikoloni Katanga, alijadili jinsi Wabelgiji walivyohofia ushawishi wa Waingereza kutoka kusini, na jinsi Kiswahili kilivyowafaa katika kuuzuia. Kwa maneno mengine, Kiswahili cha Likasi kilipewa nguvu kwa kiasi fulani ili Kiingereza kisiingie.

Katika mazingira hayo, jozi za pwani hazikuweza kutawala. "Pyu" haimfai Mluba aliyejifunza Kiswahili ukubwani, ambaye kwao wekundu una sauti yake. Kilichotamba ni maneno mapana yanayokubali kila sifa: "sana", "kabisa", na kurudiarudia. "Maji iko baridi sana." "Ule mutoto iko muzuri sana sana." "Motokari ilikufa kabisa." Mfano huu wa mwisho unastahili kuangaliwa. Mwalimu wa Kiingereza atakuambia kwamba "very dead" haikubaliki, kwa sababu kufa hakuna daraja. Fundi wa Likasi anajua daraja lipo: kuna gari lililokufa, na kuna lililokufa kabisa, ambalo halina tena la kufanywa.

Wapo wanaoiita hali hii umaskini. Mimi nasita. Lugha ya mama ya watoto wa mtaa wa Kikula leo ni Kiswahili hiki, na kinafanya kwa mdundo na urefu wa irabu kazi ambayo pwani inaifanya kwa tanakali. Hata hivyo sitajifanya kwamba hakuna kilichopotea. Anayeandika hadithi Likasi kwa "sana" na "kabisa" peke yake atachosha msomaji kabla ya ukurasa wa pili.

Kurudiarudia nako kuna mtego. "Sana sana" huongeza, lakini "nyekundu nyekundu" ya Kiswahili sanifu mara nyingi hupunguza: ni rangi inayoelekea kuwa nyekundu bila kufika, ile ambayo Kiingereza huiita "reddish". Mtego wa Kiingereza ni "quite". "Quite impossible" ni haiwezekani kabisa. "Quite good" kwa Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi, tena kwa sauti ya kuvunjika moyo kidogo. Mwanafunzi aliyeandikiwa "quite good" kwenye daftari hukimbia nyumbani akishangilia. Na kuna "sana" yenyewe, isiyobagua: hukubali kivumishi, kitenzi na hata shukrani. Ndiyo inayomfanya mtoto aandike "I like very", kwa kuwa hakuna aliyemwonya kwamba "very" haiwezi kukaa na kitenzi bila "much".

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kinahitajika zaidi, na malori yanayobeba shaba kwenda Zambia na Dar es Salaam yana madereva wanaokihitaji mpakani Kasumbalesa. Basi, mwalimu wa Kiingereza wa Likasi, usianze na orodha ya vielezi vyenye "-ly". Anza na "fast asleep" na "dead tired", uwaulize wanafunzi nyumbani kwao, kwa Kiluba au Kibemba cha bibi, mtu hulalaje na huchokaje. Wakishajibu, ndipo uwaandikie "very" ubaoni, na uwaambie kwamba hii, tofauti na sana yao, haikai nyuma.