Mashindano ya Havana na Njia Mbili za Ngumi

Wakongo wengi wanajua habari ya tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Lakini miezi miwili mbele ya siku ile, huko Havana katika inchi ya Kuba, wapiganaji wengine walishindana bila malipo yo yote. Habari yao nayo inafaa kusimuliwa.

Yalikuwa mashindano ya kwanza ya dunia ya ngumi kwa wasiolipwa. Hapo zamani waliitazamia Olimpiki tu kama kilele chao. Ndiko Ali alikopata zahabu mwaka 1960, na Foreman mwaka 1968. Havana waligawanywa kwa uzito wa mwili, makundi 11. Wakuba walitwaa medali 5 za zahabu, na ile ya uzito mkubwa alivikwa Teófilo Stevenson, kijana wa miaka 22. Afrika haikurudi mikono mitupu: Ayub Kalule wa Uganda, mwenye miaka 20, alipata zahabu katika kundi lake.

Toka hapo njia zao ziliachana. Wafanya biashara wa Marekani walimwahidi Stevenson mamilioni ya dola ili apigane na Ali. Alikataa, akasema mapendo ya watu wa kwao yanapita feza. Lakini tukumbuke kwamba serikali ya Kuba ilikuwa imekataza michezo ya kulipwa. Kukubali kungalikuwa kuiacha inchi yake. Alibaki, akashinda Olimpiki mara tatu, mwaka 1972, 1976 na 1980.

Kalule alishika njia nyingine. Mwaka 1976 alianza kupigana kwa malipo huko Denmark, na mwaka 1979 alimshinda Masashi Kudo kule Japani, akawa bingwa wa dunia. Waganda walimshangilia.

Stevenson alikufa mwaka 2012. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, Kuba iliwaruhusu wapiganaji wake kulipwa.

Basi, msomaji, tusimhukumu mtu kwa sababu alipokea mshahara wa jasho lake, wala tusimcheke aliyeukataa. Mmoja alitoka, mmoja alibaki. Na wote wawili waliwaletea watu wa kwao heshima.