Aproni ya Mama: Amri ya Nne katika Michoro ya Mkimbizi

Amri ya nne tunaijua tangu darasa la kipaimara. Mara nyingi tunaifundisha kana kwamba ni ya watoto tu: mtoto atii, asijibu kwa ukali, akitumwa aende. Lakini amri haikuwekewa umri. Inamhusu pia mtu mzima ambaye mama yake amekwisha kufa. Tena inamhusu yule ambaye mama yake alikufa kwa njaa ugenini, naye akavuka bahari na kuliacha kaburi nyuma. Mtu huyo atamheshimuje mama yake? Historia ya mchoraji mmoja mkimbizi inatusaidia kulitafakari swali hilo.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Vostanik Adoian. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika kijiji cha Khorkom, kando ya Ziwa Van, katika Milki ya Osmani, nchi ambayo leo ni Uturuki. Watu wake walikuwa Waarmenia, taifa lililoipokea Injili mapema sana, tangu karne ya 4. Katika ziwa hilo kipo kisiwa cha Akhtamar, na juu yake limesimama Kanisa la Msalaba Mtakatifu, lililojengwa katika karne ya 10. Kuta zake za nje zimechongwa habari za Biblia: Yona na samaki, Daudi na Goliathi, Adamu na Hawa. Mtoto wa pande zile aliyaona Maandiko kwenye mawe kabla hajaweza kuyasoma kitabuni.

Baba yake alitangulia kwenda Marekani kutafuta maisha. Mwaka 1912 mama, aliyeitwa Shushan, alimchukua mwanawe hadi kwa mpiga picha mjini Van. Picha hiyo ilikuwa ya kupelekwa kwa baba, asiisahau familia yake. Mama ameketi, kichwa amekifunika kitambaa, amevaa aproni ndefu iliyotariziwa maua. Mtoto amesimama kando yake, mkononi ameshika maua. Wote wawili wanatutazama moja kwa moja.

Miaka mitatu baadaye yakaja maangamizi. Kuanzia mwaka 1915 Waarmenia wa milki ile waliuawa na kufukuzwa makwao. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa waliopoteza maisha walifika milioni moja au zaidi. Shushan na watoto wake walikimbia kwa miguu hadi upande uliotawaliwa na Warusi, wakaishia Yerevan. Walinusurika upanga, lakini njaa iliwafuata. Mnamo Machi 1919 Shushan alikufa kwa njaa. Mwaka uliofuata mwanawe na dada yake mdogo, Vartoosh, waliingia Marekani wakiwa wakimbizi. Huko kijana aliikuta ile picha kwa baba yake. Ilikuwa imefika salama, lakini mama aliyekuwa amekaa mbele ya kamera hakufika.

Kijana alihamia New York akawa mchoraji na mwalimu wa uchoraji. Akajiita Arshile Gorky, akawaambia watu kwamba ni jamaa wa mwandishi Mrusi Maxim Gorky. Hakuwa jamaa yake, na hata yule mwandishi alikuwa amejipa tu jina hilo, ambalo kwa Kirusi maana yake ni uchungu. Sisi tunaosoma kitabu cha Ruthu twamkumbuka Naomi. Naye aliihama nchi yake kwa sababu ya njaa, akafiwa ugenini, na aliporudi Bethlehemu aliwaomba wanawake wasimwite tena Naomi, bali Mara, yaani uchungu. Basi tusiharakishe kumwita Gorky mwongo. Wako watu ambao jina la kwao limebeba maumivu mengi kuliko wanavyoweza kueleza kila wanapoulizwa, "Wewe ni wa wapi?"

Lakini mtu huyu aliyeficha asili yake mbele za watu hakuificha mbele ya kitambaa cha kuchorea. Kuanzia mwaka 1926 hivi aliichukua ile picha ya kamera akaanza kuichora kwa rangi za mafuta. Mchoro mmoja, ulioko leo katika jumba la sanaa la Whitney, New York, aliushughulikia kwa takriban miaka kumi. Wa pili, ulioko Washington katika Jumba la Taifa la Sanaa, aliendelea nao hadi karibu mwaka 1942. Alipaka rangi, akaiacha ikauke, akaikwangua kwa wembe, kisha akapaka tena, hata uso wa mchoro ukawa laini kama kigae.

Tutazame alichokibadilisha. Katika picha ya kamera aproni imejaa maua. Katika michoro maua yametoweka, aproni imebaki tupu. Mikono ya mama nayo haina vidole. Ni mabaka ya rangi nyeupe tu, kana kwamba inafutika huku tukiitazama. Uso pekee ndio uliokamilika, na macho makubwa yaleyale. Je, mchoraji alishindwa mikono? Mtu aliyefundisha wengine kuchora alijua kuchora vidole. Yapo mambo ya marehemu ambayo mkono wa aliyebaki haufiki.

Kisha, mwaka 1944, jambo likatokea. Gorky alikuwa ameoa, na mwaka uliotangulia alikuwa amepata binti. Mwaka huo alikaa muda mrefu shambani kwa wakwe zake Virginia, akichora nje kwenye majani. Mmoja wa michoro ya mwaka huo, ulioko leo katika jumba la sanaa la Seattle, hauna sura ya mtu. Ni rangi nyepesi zinazotiririka na kuingiliana, na mistari inayotangatanga kama mashina ya mimea. Mtazamaji asingejua ni nini lau si jina lake. Jina hilo kwa lugha yetu ni: Jinsi Aproni ya Mama Yangu Iliyotariziwa Inavyokunjuka Maishani Mwangu. Maua yaliyofutwa kwenye aproni miaka yote ile yamerudi, na sasa yamejaa kitambaa kizima.

Huenda msharika akauliza kama ni vema kujifunza imani kwa michoro. Mwaka 1522 Luther aliondoka Wartburg akarudi Wittenberg, ambako watu walikuwa wakizivunja picha za makanisani. Alihubiri kuwatuliza. Hakutaka picha ziabudiwe, lakini alikataa kufanya uvunjaji wake kuwa sheria. Nasi hatuuabudu mchoro huu. Tunauuliza tu kile unachokijua kuhusu amri ya nne.

Unajua kwamba heshima kwa mzazi haiishi siku ya mazishi. Unajua pia kwamba kumbukumbu yetu ina mpaka, na hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Moto uliteketeza michoro mingi ya Gorky mwaka 1946. Mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa saratani. Mwaka 1948 aliumia vibaya katika ajali ya gari, na tarehe 21 Julai alijitoa uhai. Upendo wa mwana kwa mama ulizaa kazi kubwa, lakini haukutosha kumbeba. Hatusemi hivyo ili tumhukumu. Hukumu ni ya Mungu, na rehema pia ni zake.

Katika Isaya 49 watu walio uhamishoni wanalalamika kwamba Bwana amewasahau. Mungu anawajibu kwa mfano wa mama na mtoto wake anyonyaye: hata kama mama angesahau, yeye hatasahau, maana amewachora watu wake katika viganja vya mikono yake. Gorky hakuweza kuimaliza mikono ya mama yake. Mikono ya Mungu ndiyo iliyomchora Shushan, pamoja na wote waliokufa njiani bila mtu wa kuwapiga picha.

Katika sharika zetu wamo waliozika wazazi mbali, na wamo wakimbizi ambao jina la mama yao hatujawahi kuliuliza. Ndugu msharika, mwulize mmoja wao jina hilo, na alichokuwa akivaa mama huyo, na alichokuwa akipika. Msikilize hadi amalize. Akinyamaza katikati, usimharakishe, wala usimmalizie hadithi yake. Kaa naye.