Hesabu ya Bahati

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Methali hii ni ya watu wa pwani, lakini sisi walimu wa Usukumani tuliipenda sana. Ilitusaidia kuwanyamazisha wanafunzi waliotaka makuu.

Msomaji wa rika langu atazikumbuka fomu za kuchagua shule. Mwanafunzi wa kidato cha nne alizijaza kabla ya mtihani wa taifa. Aliandika mchepuo na shule anazozitaka, au chuo, kisha akaingia kwenye mtihani akiwa amekwisha kujifunga. Marekani nako baadhi ya vyuo vikuu vina utaratibu wa namna hiyo. Mtu huomba chuo kimoja mapema, mara nyingi mwezi Novemba, kwa ahadi kwamba akikubaliwa ataacha vingine vyote. Wanaoomba mapema hukubaliwa kwa asilimia kubwa zaidi, na wengi hudanganyika hapo. Husahau kwamba katika kundi hilo wamo wanamichezo waliokwisha kutakiwa na watoto wa watu waliosoma hapo. Asilimia ya kundi si bahati ya mtu mmoja.

Kwetu hesabu ilikuwa na ugumu wake. Novemba 1974, TANU iliazimia mjini Musoma kwamba ifikapo 1977 watoto wote wa umri wa shule wawe wanasoma. Shule za msingi zikaenea, lakini za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawiwa kimkoa, ili mikoa iliyokuwa nyuma nayo ipate. Mtoto wa Shinyanga hakushindana na wa Kilimanjaro, alishindana na jirani yake. Alipofika kidato cha nne, wapinzani wake wakawa nchi nzima. Kwa hiyo haitoshi kuuliza una alama ngapi. Uliza pia nafasi ni ngapi, na unagombea na nani.

Nilidhani naijua hesabu hii. Mwaka 1991 nilikuwa mkuu wa shule wilayani Geita, wakati huo ikiwa katika mkoa wa Mwanza. Kijana mmoja, ambaye baba yake alichimba dhahabu kwenye maduara ya Nyarugusu, alitaka kuandika Shule ya Wavulana Tabora, alikosoma Mwalimu Nyerere, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati.

"Mwanangu," nikamwambia, "huko wanakwenda watu wa daraja la kwanza. Andika chuo cha ualimu, utapata kwa hakika."

"Sawa, Mwalimu," akajibu. Hakubisha, maana kwetu mtoto habishani na mkubwa.

Matokeo yalipotoka, alikuwa na daraja la kwanza. Akaenda alikojifunga.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Alama zake zilikuwa mezani pangu, zikipanda kila muhula, hasa za Hisabati. Sikuzipima. Nilizitazama katambuga zake na duara la baba yake, nikaona mtu anayehitaji mshahara upesi. Mimi mwenyewe nilipelekwa chuo cha ualimu kwa ushauri kama huo, na sikuujutia. Nikadhani napima bahati yake, kumbe narudia safari yangu.

Miaka ya karibuni wahitimu wa kidato cha nne wameruhusiwa kubadili machaguo yao baada ya matokeo kutoka. Ni jambo jema, ingawa kwake lilichelewa. Yeye leo ni mwalimu wa Hisabati, na nasikia anapendwa. Mwaka jana alinipigia simu. Binti yake alikuwa anajaza fomu, akataka ushauri wangu. Nikamwuliza alama zake za mihula iliyopita, nafasi zilizopo na wanaozigombea. Safari hii sikuishia hapo.

"Na yeye mwenyewe anataka nini?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole, "Hilo mimi nilikuambia, Mwalimu."