Ziwa Geauga, 1998-2007: Miaka Kumi ya Mabadiliko katika Bustani ya Burudani ya Ohio

1. Utangulizi

Historia ya uchumi hupenda kuchunguza migodi, reli na viwanda. Mahali ambapo wafanyakazi wa migodi na viwanda hivyo walikwenda kupumzika hapachunguzwi mara nyingi, kana kwamba siku ya mapumziko haina historia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake kwa kutumia mfano mmoja kutoka Marekani: bustani ya burudani ya Geauga Lake, katika jimbo la Ohio.

Swali letu ni hili: kwa nini bustani iliyodumu zaidi ya karne moja, ikastahimili tufani, moto na kufungwa kwa viwanda, ilikufa katika muda wa miaka kumi, nayo ilikuwa imetiliwa fedha nyingi? Tunadai kwamba haikufa kwa kupuuzwa. Ilikuzwa kupita kiasi kwa fedha za mkopo, kisha hatima yake ikaamuliwa na watu waliokuwa na mahesabu mengine.

2. Bustani ya watu wa viwandani

Ziwa Geauga ni dogo, nalo liko kilomita zipatazo 40 kusini-mashariki ya Cleveland. Reli ilifika hapo katika mwaka 1856, na kwa sababu ya treni watu wa mijini walianza kuja ziwani kuogelea na kufanya mandari. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa tayari na bembea la kuzunguka lililoendeshwa kwa mvuke. Mwaka 1925 ulijengwa Big Dipper, mtambo wa mbao uliobuniwa na John A. Miller. Huu ni mtambo wa aina ambayo vigari hupandishwa polepole juu ya reli ndefu, kisha huachiwa viteremke kwa kasi; hapa tutauita mteremko.

Bustani ilipigwa na tufani mwaka 1942, na mwaka 1952 moto uliteketeza majengo yake kadhaa, pamoja na ukumbi wa dansi. Kila mara ilijengwa upya, kwa kuwa wateja wake walikuwa karibu: wafanyakazi wa chuma wa Cleveland na Youngstown, wale wa mipira ya magari wa Akron, pamoja na jamaa zao. Kampuni nyingi zilifanya hapo mandari yao ya kila mwaka. Mwaka 1969 bustani ilinunuliwa na kampuni ya Funtime. Mwaka 1970, ng'ambo ya ziwa, ilifunguliwa SeaWorld Ohio, mahali pa kutazama pomboo, simba-bahari na nyangumi wauaji. Hivyo ziwa moja likawa na majirani wawili, wala hawakugombana, maana kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Ni kweli kwamba eneo lenyewe lilikuwa limeanza kudhoofika. Tarehe 19 Septemba 1977 kulitangazwa kufungwa kwa kiwanda kikubwa cha chuma huko Youngstown. Cleveland, uliokuwa na wakazi 914,808 mwaka 1950, ulibaki na 478,403 mwaka 2000. Hata hivyo bustani iliendelea, kwa sababu matumizi yake yalilingana na mapato yake.

3. Ukuaji wa haraka, 1998-2001

Mwaka 1995 Funtime ilinunuliwa na Premier Parks, kampuni ya Oklahoma City. Mwaka 1998 Premier Parks ilinunua Six Flags kutoka Time Warner kwa kiasi cha dola bilioni 1.9. Ununuzi huo ndio mwanzo wa miaka kumi tunayoichunguza, maana tangu hapo Geauga Lake ilikuwa kiungo kimoja cha mwili mkubwa uliojengwa juu ya deni. Mwaka huohuo Premier ilichukua pia kundi la Walibi la Ulaya. Ndiyo maana Walibi ya Wavre, inayojulikana na wenzetu wengi waishio Ubelgiji, iliitwa Six Flags kwa muda.

Mwaka 2000 bustani ilipewa jina la Six Flags Ohio, ikafungua miteremko minne mipya kwa mpigo. Mwaka 2001 kampuni ilinunua SeaWorld Ohio kwa dola milioni 110 kutoka Anheuser-Busch, watengenezaji wa bia, ikaziunganisha pande mbili za ziwa kwa jina la Six Flags Worlds of Adventure. Eneo lote lilikuwa hekta zipatazo 280, na kampuni ilijisifu kuwa na bustani kubwa kuliko zote za aina hiyo duniani.

Ukubwa huo ulileta matatizo yake. Ziwa lilikuwa katikati, hivyo mgeni alilazimika kulizunguka kwa miguu, kupanda mashua au kupita juu ya daraja linaloelea. Wanyama walihitaji chakula na matunzo mwaka mzima, ilhali baridi ya Ohio huifunga bustani kwa miezi mingi. Mwaka 2002 aliletwa kutoka Ufaransa nyangumi muuaji aliyeitwa Shouka. Wakati huohuo Cedar Point, bustani kongwe ya Sandusky, kilomita zipatazo 100 magharibi ya Cleveland, ilifungua Millennium Force mwaka 2000 na Top Thrill Dragster mwaka 2003. Bustani mbili kubwa zikawa zinagombea wateja walewale, katika eneo ambalo watu wake walikuwa wakipungua.

4. Kurudi nyuma, 2004-2007

Mwaka 2004 Six Flags ilitaka kupunguza deni lake. Iliuza bustani zake za Ulaya, na katika majira hayohayo iliiuza Worlds of Adventure kwa Cedar Fair, mwenye Cedar Point, kwa dola milioni 145. Wanyama wakahamishwa, Shouka akapelekwa Kalifornia. Majina ya Batman na Superman yakafutwa mitamboni, na jina la kale la Geauga Lake likarudishwa. Mwaka 2005 upande uliokuwa wa SeaWorld uligeuzwa kuwa bustani ya maji, Wildwater Kingdom.

Jina la kale lilirudi, lakini bustani ya kale haikurudi. Mitambo mikubwa, iliyojengwa kwa matumaini ya wageni mamilioni, ilibaki ikihitaji mafuta, vipuri na mafundi, huku wageni wakipungua. Baada ya msimu wa 2006 miteremko miwili iling'olewa. Mwaka huohuo Cedar Fair ilinunua bustani za Paramount kwa dola bilioni 1.24, nayo ikabeba deni zito. Tarehe 16 Septemba 2007 wageni walitoka jioni kama kawaida. Siku tano baadaye, tarehe 21, kampuni ilitangaza kwamba miteremko na bembea hazitafunguliwa tena. Wenyeji wengi hawakupata nafasi ya kuaga.

5. Nani aliyeiua?

Wako waliodai kwamba Cedar Fair iliinunua bustani ili kumwondoa mshindani. Dai hilo lisikubaliwe haraka, kwani mwenye nia ya kuua hajengi bustani ya maji mpya mwaka mmoja baada ya kununua. Wengine husema ni umaskini wa eneo. Nao ulikuwapo tangu miaka ya 1970, na bustani iliuvumilia kwa miaka thelathini.

Sisi tunaona sababu katika kipimo. Geauga Lake ya zamani ilikuwa na kipimo cha watu wake: mandari, ukumbi wa dansi, mteremko wa mbao. Mwaka 2001 ilipewa kipimo cha soko la dunia, lakini msimu, ziwa na wateja havikubadilika. Kila tajiri mpya alipoelemewa na deni, bustani hii ilihesabiwa miongoni mwa vitu vya kuuzwa au kufungwa. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Msomaji wa Likasi au Kolwezi, ambaye ameona mji ukitegemea kampuni moja, hatahitaji kuelezwa zaidi.

6. Hitimisho

Mnada ulifanyika mwaka 2008. Mteremko mmoja ulipelekwa Virginia, mwingine Michigan. Bembea la farasi wa mbao lilizinduliwa upya Missouri mwaka 2011. Big Dipper ulibaki ukioza hadi ulipobomolewa mwaka 2016, mwaka ambao Wildwater Kingdom nayo ilifungwa. Mwaka 2024 Six Flags na Cedar Fair ziliungana kuwa kampuni moja: muuzaji na mnunuzi wa mwaka 2004 sasa wanaketi meza moja.

Mwanafunzi wa historia na azingatie mambo mawili. Kwanza, ukuaji si ushahidi wa afya. Lazima tuulize umelipiwa na nani, na nani atadaiwa. Pili, mitambo huhamishika, lakini mahali pa kukutania hapahamishiki. Farasi wale wa mbao wanazunguka hata leo huko Missouri. Mandari ya wafanyakazi wa Cleveland, Akron na Youngstown kando ya ziwa lao haikununuliwa na mtu mnadani.