Malaria ya mjamzito yaweza kumwathiri mtoto hadi ukubwani

Nyanda za juu za Kisii na Nyamira hukumbwa na malaria kwa msimu, hususan baada ya mvua ya masika. Hivyo wenyeji wengi hawajengi kinga ya kutosha, na mjamzito huwa hatarini katika kila mimba, si ya kwanza pekee. Vimelea hujibanza katika kondo la nyuma na kupunguza chakula na oksijeni inayomfikia mtoto, ambaye huenda akazaliwa na uzani usiofika kilo 2.5.

Athari zaweza kudumu. Mnamo 1989, watafiti wakiongozwa na David Barker nchini Uingereza walibainisha kuwa wanaume waliozaliwa na uzani mdogo walikabiliwa zaidi na vifo vya maradhi ya moyo.

Mjamzito alale ndani ya neti iliyotiwa dawa, na apimwe mara homa inapoanza.